Mashine ya Sauti ya Zamani: Anza Kutafuta Ubovu Nje

Somo la kikundi: lisomwe kwa sauti mkutanoni, mashine ikiwa mezani na plagi ikiwa imechomolewa



Vikundi vingi vya mwethya hapa kwetu Yatta vina mali ya pamoja. Kuna viti, turubai, sufuria kubwa, na mara nyingi kuna mashine ya kupaza sauti, yaani amplifaya na spika zake. Mali hii hukodishwa kwa arusi, mazishi, harambee na mikutano ya wakulima wa mfereji. Pesa si nyingi lakini zinaingia, na zimesomesha watoto.

Leo tutajifunza juu ya mashine moja tu, ile ya zamani yenye valvu. Valvu ni zile chupa ndogo za kioo zinazowaka rangi ya chungwa ndani. Ukiona mashine ni nzito kama debe la mahindi, na inachelewa kidogo kutoa sauti baada ya kuwashwa, basi hiyo ni ya valvu. Zimebaki chache, na nyingine zimelala stoo zikidhaniwa ni vyuma vya kuuza kwa kilo. Lakini ikitunzwa inafanya kazi vizuri sana. Isipotunzwa, au ikifunguliwa na mtu asiyejua, inaweza kuua.

KILICHOTUPATA SISI

Kikundi chetu hapa Matuu kina mashine kama hiyo. Mzee mmoja alituachia alipofunga hoteli yake. Siku moja tuliikodisha kwa harambee ya kulipia mgonjwa. Watu wamekaa, mgeni wa heshima ameshasimama kusema, mara sauti ikakatika. Taa nyekundu ya mbele inawaka, valvu zinawaka, lakini spika ni kimya kabisa.

Kijana wetu mmoja mwenye bidii akasema, "Mama mwenyekiti, nipe dakika tano tu." Akapindua mashine, akafungua kifuniko cha chini. Akashika valvu mbili kubwa kwa kitambaa, akazichomoa, akaziangalia. Akawasha mashine tena bila hizo valvu, ati aone kama kuna cheche. Hakuona kitu. Basi akachomoa plagi ukutani, akaingiza mkono ndani na kuanza kushika waya mmoja mmoja.

Wakati huo plagi ilikuwa chini, sote tuliiona kwa macho. Lakini kijana alipigwa na umeme akarushwa nyuma, akaangukia viti. Kidole kiliungua, na mkono ulikuwa ganzi hadi jioni. Tulimpeleka hospitali akaangaliwe moyo. Tunashukuru yuko hai. Harambee iliendelea kwa kupiga kelele, na aliyekodisha tulimrudishia pesa zake.

Kesho yake tulimwita fundi mzee wa redio. Hakuomba bisibisi. Aliomba waya wa spika, akaukunja-kunja karibu na plagi yake. Kumbe waya mmoja ulikuwa umekatika ndani ya mpira, kwa sababu ya kuvutwa na kukanyagwa. Aliukata, akaulehemu upya, na mashine ikasema. Halafu akatuambia, "Ubovu ulikuwa nje. Nyinyi mlienda kuutafuta mahali pa kifo."

Maneno hayo ndiyo somo letu la leo. Anza nje. Na ukimaliza nje bila kuona ubovu, simama, umwite anayejua.

MASHINE HII INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Fikiria mfereji wetu wa Yatta. Maji ni mengi na yana nguvu, lakini mtu mmoja akiinua lango kwa mkono, maji yanaongezeka, akilishusha, yanapungua. Nguvu ya mkono ni ndogo, lakini maji mengi yanatii.

Valvu ni lango la namna hiyo. Sauti kutoka maikrofoni ni umeme mdogo sana, kama ule mkono. Huo umeme mdogo unafungua na kufunga njia ya umeme mkubwa ndani ya chupa, na umeme mkubwa ndio unaosukuma spika. Ili njia hiyo ifanye kazi, ni lazima kuwe na moto ndani ya chupa. Ndiyo sababu valvu inawaka, na ndiyo sababu tunangoja ipate joto kwanza.

Ujuzi huu ni wa zamani. Fleming wa Uingereza alitengeneza valvu ya kwanza mwaka wa 1904, na De Forest wa Marekani akaongeza sehemu ya tatu, yaani lile lango, mwaka wa 1906. Matangazo ya redio yalipoanza Kenya mwaka wa 1928, yalirushwa na kusikilizwa kwa valvu. Transista, ambayo ni ndogo na haihitaji moto, iligunduliwa Marekani mwaka wa 1947, na polepole ikachukua nafasi ya valvu. Lakini valvu hazikwisha. Bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, kwa sababu wapiga gitaa wengi ulimwenguni wanapenda sauti yake. Kwa hiyo mtu akikuambia mashine yenu haina spea tena, usikubali haraka. Soma namba iliyoandikwa kwenye kioo, kwa mfano EL34, EL84 au ECC83, uiandike, halafu uulize kwa mafundi wa Thika au Nairobi.

KWA NINI ILIMPIGA KIJANA NA PLAGI IMECHOMOLEWA?

Umeme wa ukutani hapa Kenya ni volti 240. Ndani ya mashine ya valvu, transfoma inaupandisha hadi volti 300, 400 au zaidi. Umeme huo unawekwa akiba katika vitu vinavyoitwa kapasita. Kapasita ni kama tangi la maji. Ukifunga bomba la kuingiza, tangi halikauki palepale. Linabaki limejaa mpaka maji yapate pa kutokea.

Mashine nzima ikizimwa, valvu ambazo bado zina moto hunywa ile akiba kwa muda mfupi. Lakini kijana wetu alikuwa amechomoa valvu kubwa, akawasha, kisha akazima. Tangi lilijaa kabisa na wa kulinywa hayupo. Alipogusa, yeye ndiye aliyekuwa bomba la kutokea.

Kumbuka basi: kuchomoa plagi hakutoshi. Mashine mbovu ni ya hatari zaidi kuliko nzima, kwa sababu huenda kile kinachomaliza akiba ndicho kilichokufa.

SHERIA ZA USALAMA

Andikeni sheria hizi na mzibandike juu ya mashine:

1. Asiyefundishwa asifungue kifuniko, hata kama plagi imechomolewa.
2. Mashine isiwashwe bila spika kuunganishwa.
3. Valvu zisichomolewe wala kuchomekwa mashine ikiwa imewashwa.
4. Valvu ina moto wa kuunguza. Ngojeni ipoe kabla ya kuigusa, na watoto wakae mbali.
5. Fyuzi ikikatika, iwekwe nyingine ya namba ile ile. Msumari, waya na karatasi ya sigara ni marufuku.
6. Mashine isikae juu ya udongo wenye maji wala chini ya turubai linalovuja.

Juu ya sheria ya pili, watu wengi hushangaa. "Kama spika haipo, mashine si inapumzika?" Hapana. Ndani kuna transfoma ya pili, ya spika. Mtu akiimba kwenye maikrofoni na spika haiko, nguvu inakosa pa kwenda. Volti zinapanda sana ndani ya hiyo transfoma, zinaruka kutoka waya hadi waya, na transfoma inaungua. Hiyo ndiyo spea ghali na ngumu kupata kuliko zote. Siku ile ya harambee waya wa spika ulipokatika, tungepoteza kijana na mashine kwa saa moja.

SEHEMU YA KWANZA: UKAGUZI WA NJE

Kazi hii mwanakikundi yeyote anaweza kuifanya baada ya kufundishwa. Hakuna kufungua kitu. Fuateni kwa utaratibu, msiruke.

Hatua ya 1. Umeme upo? Chomekeni taa au chaja ya simu katika soketi ile ile. Kama mnatumia jenereta, fundi apime volti kwanza. Jenereta ikikimbia sana inaweza kupita volti 240 kwa mbali.

Hatua ya 2. Fyuzi. Kuna ya ndani ya plagi na ya nyuma ya mashine. Chomoa plagi ukutani, kisha zitoe uziangalie. Kwa plagi ya miguu mitatu, fyuzi ya ampea 3 inatosha mashine ya hadi wati 700 hivi, na hizi zetu hazifiki huko. Wengi huacha ile ya ampea 13 iliyokuja na plagi, nayo ni kubwa mno. Waya utaungua kabla ya fyuzi kukatika. Ile ya nyuma ya mashine, fuateni namba iliyoandikwa pale. Kama ni 2, wekeni 2.

Hatua ya 3. Swichi ya volti. Mashine nyingi za zamani zina swichi nyuma yenye namba kama 110, 220 na 240. Hapa kwetu iwe 240. Ikiwa kwenye 220, mashine itafanya kazi na mtafikiri ni sawa. Lakini moto wa valvu, ambao unatakiwa kuwa wa volti 6.3, utafika karibu 6.9, na valvu zitazeeka upesi. Ikiwa kwenye 110, mtaharibu kitu siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4. Waya wa spika. Zimeni mashine, muukunje-kunje kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa karibu na plagi. Angalieni kama kuna mahali palipolegea. Kama mna waya wa akiba, badilisheni kwanza. Kikundi kisichokuwa na waya wa akiba kinunue mmoja leo.

Hatua ya 5. Maikrofoni na waya wake. Ubovu mwingi uko hapa. Jaribuni maikrofoni nyingine, au chomekeni redio ndogo mahali pa maikrofoni na sauti yake ikiwa chini. Redio ikisikika, mashine ni nzima na maikrofoni ndiyo mbovu.

Hatua ya 6. Valvu zote zinawaka? Zima taa za chumba na uangalie kwa mbali kupitia matundu. Kila moja iwe na mwanga mdogo wa chungwa katikati. Isiyowaka kabisa, na ikiguswa kwa nyuma ya kidole baada ya kuzima ni baridi, imekufa au miguu yake ina kutu. Angalieni pia ule weusi wa kung'aa kama kioo cha kujitazamia ndani ya chupa. Ukigeuka kuwa mweupe kama maziwa, hewa imeingia. Hiyo valvu ni ya kutupa.

Hatua ya 7. Vinobu. Zungusheni kinobu cha sauti. Kikikwaruza kama mchanga, kina vumbi tu.

Kama mmepita hatua zote saba na bado sauti haiko, zimeni, chomoeni, mwite fundi. Hapo kazi ya kikundi imekwisha, na hakuna aibu.

SEHEMU YA PILI: DALILI NA MAANA YAKE

Fundi akija, mwambieni mlichokiona na mlichokisikia. Mgonjwa anayeeleza vizuri hutibiwa upesi.

Mngurumo mzito usiokoma, hata kinobu cha sauti kikiwa chini kabisa: mara nyingi ni zile kapasita kubwa za akiba. Ndani yake kuna dawa ya majimaji inayokauka kwa miaka, mashine itumike isitumike. Zibadilishwe.

Mngurumo unaopanda na kushuka na kinobu cha sauti: angalieni waya wa maikrofoni, hasa ule mfuniko wake wa nyuzi za shaba. Ukikatika, waya unaokota kelele za umeme.

Mluzi mkali mtu akikaribia maikrofoni: mashine si mbovu. Sauti ya spika inarudi kwenye maikrofoni. Sogezeni spika mbele ya msemaji, zielekee watu, na mpunguze sauti kidogo.

Mlio kama kengele mtu akigonga meza: valvu ndogo imelegea ndani. Fundi ataigonga polepole kwa penseli ya mbao aijue ni ipi.

Mikwaruzo na sauti kukatika-katika: miguu ya valvu au soketi zake zina kutu. Mashine ikiwa baridi na imechomolewa, fundi ataisafisha kwa spiriti na kitambaa.

Sauti dhaifu na ya kukwama-kwama: valvu kubwa zimechoka. Zibadilishwe mbili pamoja, zinazolingana nguvu, si moja mpya na moja kuukuu.

Fyuzi inakatika kila ikiwekwa: kuna njia ya mkato ndani. Usijaribu fyuzi ya tatu. Mbili zikikatika, ni fundi.

Bamba la chuma ndani ya valvu kubwa linageuka jekundu kama kaa la moto: ZIMA MARA MOJA. Ule mwanga wa chungwa wa katikati ni wa kawaida, lakini bamba la nje likiwaka, valvu inajiua na inaweza kuua transfoma. Mara nyingi chanzo ni kapasita ndogo inayopitisha sauti kwenda valvu hiyo. Imezeeka, inavuja, na lile lango limebaki wazi bila kufungwa.

SEHEMU YA TATU: KAZI YA FUNDI

Sehemu hii tunaiandika ili kikundi kijue fundi anatakiwa kufanya nini, na kijana anayejifunza kwake ajue utaratibu. Mtu asiisome akadhani sasa amekuwa fundi.

Kumaliza akiba ya umeme. Fundi atazima, atachomoa plagi, na atakaa kwanza. Kisha atachukua rezista ya omu 10,000 yenye wati 10, iliyofungwa vizuri kwenye nyaya mbili zenye mpira. Ncha moja ataibana kwenye mwili wa chuma wa mashine, nyingine ataigusisha kwenye upande wa chanya wa kila kapasita kubwa kwa nusu dakika. Halafu atapima kwa mita mpaka asome karibu na sifuri. Mkono mmoja ukae mfukoni, na viatu viwe na soli ya mpira. Wengine hugusisha bisibisi tu ikalia pa! Hiyo inaharibu kapasita na inarusha cheche machoni. Fundi akifanya hivyo, tafuteni mwingine.

Kuamsha mashine iliyolala miaka. Usiichomeke tu ukutani. Fundi huunganisha balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile yenye kiwaya ndani, katika njia ya umeme unaoingia. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii, kwa hiyo mkiona balbu za zamani dukani wekeni moja. Mashine ikiwashwa, balbu ikiwaka kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, ndani kuna njia ya mkato, na balbu imeokoa transfoma yenu.

Waya wa ardhi. Mashine nyingi za zamani zilikuja na waya wa umeme wa nyuzi mbili tu. Mwambieni fundi aweke wa nyuzi tatu, na ule wa ardhi afunge imara kwenye mwili wa chuma. Rangi za siku hizi: kahawia ni wa moto, bluu ni wa kurudi, kijani na njano ni wa ardhi. Zile za zamani za Kiingereza zilikuwa nyekundu ni wa moto, nyeusi ni wa kurudi, kijani ni wa ardhi. Ukichanganya, mwenye kushika maikrofoni ya chuma ndiye atakayelipa. Tena kuna redio za zamani zisizo na transfoma ya umeme, mwili wake umeunganishwa na umeme wa ukutani wenyewe. Hizo zisiguswe na mtu yeyote ila fundi mwenye kuzijua.

Kurekebisha valvu kubwa. Kila valvu kubwa inatakiwa ipitishe umeme kiasi fulani hata kama hakuna anayesema. Ukizidi, inaungua, ukipungua mno, sauti inakuwa ya kukwaruza. Mashine nyingine zinajirekebisha zenyewe kwa rezista iliyo chini ya valvu, na hapo hakuna cha kuzungusha. Nyingine zina skrubu ndogo ya kurekebisha. Valvu mpya zikiwekwa katika hizi za pili, ni lazima fundi apime upya.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme ni EL34, na mita inasoma volti 400 kwenye bamba. Chini ya valvu kuna rezista ya omu 10, na juu yake mita inasoma volti 0.35. Gawanya 0.35 kwa 10, unapata ampea 0.035. Zidisha kwa volti 400, unapata wati 14. Mwisho wa uwezo wa EL34 ni wati 25, na fundi mwenye busara hapiti asilimia 70 ya hiyo, yaani wati 17 na nusu. Kwa hiyo 14 ni salama. Kama mashine ina karatasi yake ya maelezo, ifuatwe hiyo kwanza.

SEHEMU YA NNE: SPIKA ZILINGANE NA MASHINE

Nyuma ya mashine kuna matundu ya spika yenye namba 4, 8 na 16. Hizo ni omu. Spika moja ya omu 8 iende kwenye 8. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa bega kwa bega, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 4. Zikiunganishwa kwa foleni, moja baada ya nyingine, zinakuwa omu 16. Chagueni tundu linalolingana.

Spika za tarumbeta zinazofungwa juu ya mti mara nyingi zina transfoma yake ndogo, na zinatumia tundu lililoandikwa volti 100. Hapo jumlisheni wati. Mashine ya wati 30 inabeba tarumbeta tatu za wati 10. Mkiongeza ya nne, mashine inabeba mzigo kupita uwezo, kama matatu ya siku ya soko.

SEHEMU YA TANO: MATUNZO NA DAFTARI

Mashine ya valvu inataka hewa. Msiifunike kwa kitambaa ikiwa imewashwa, wala kuweka sufuria juu yake. Vumbi la huku kwetu ni jingi, basi ikishapoa ifunikwe. Ikisafirishwa kwa pikipiki au mkokoteni, iwekwe juu ya godoro. Baada ya kuzima, ingojeni ipoe kabla ya kuibeba, maana kiwaya chenye moto ni laini na hukatika kwa mtikisiko. Na isilale miezi mingi bila kuwashwa. Mara moja kwa mwezi, kwa nusu saa, spika zikiwa zimeunganishwa.

Wekeni daftari la mashine. Kila inapotoka andikeni tarehe, nani amekodisha, nani amekwenda nayo, imekaa saa ngapi, imerudi na hali gani. Andikeni namba za valvu zote na fyuzi zote, na namba ya simu ya fundi. Mweka hazina atenge sehemu ya kila kodi iwe ya matengenezo, isiguswe kwa kitu kingine. Sisi hatukuwa na akiba hiyo. Siku tuliyohitaji kapasita mpya tulilazimika kuchangishana, na baadhi ya akina mama walitoa pesa za unga. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la mwisho: mkikodisha mashine, peleka mtu mmoja wa kikundi aende nayo na arudi nayo. Kazi yake ni kuwasha, kuzima, na kumwambia kila mwenye bisibisi, "Hapana, ndugu yangu, hii haifunguliwi hapa." Kwetu, kazi hiyo sasa anafanya yule kijana aliyepigwa. Hakuna anayeifanya vizuri kama yeye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mashine ikinyamaza katikati ya mkutano, mtu wa kwanza atafanya nini? Wa pili je? Fanyeni zoezi sasa hivi, mashine ikiwa imechomolewa.
2. Kwa nini kijana alipigwa na umeme ingawa plagi ilikuwa imechomolewa? Kila mmoja aeleze kwa maneno yake, kwa mfano wa tangi.
3. Mna spika mbili za omu 8 zilizounganishwa bega kwa bega. Mtatumia tundu gani?
4. Je, mna waya wa spika wa akiba, fyuzi za akiba, na pesa ya fundi? Kama hamna, nani atanunua, na lini?
5. Nani katika kijiji chetu anajua kazi hii, na ni kijana gani, msichana au mvulana, tunaweza kumpeleka akajifunze kwake?

Majibu ya swali la nne na la tano yaandikwe kwenye daftari, na katibu ayasome katika mkutano ujao kuona kama yametendeka.